Nani Kakwambia Valvu Kubwa Ndiyo Mbio?

Ukitaka kujua mtaa una mafundi wangapi, inua boneti ya Datsun 240Z mbele ya watu. Muuza karanga ataweka kapu chini. Mzee wa bao atakuja na kete mkononi. Wote wana ushauri mmoja: "Weka valvu kubwa, bosi! Hii ndiyo iliyochukua Safari Rally 1971, ikarudia 1973!" Sawa mzee wangu, ila hela ya valvu kumi na mbili sijui nani atashinda anipe.

Hebu tuulizane taratibu. Injini ya gari hii, L24, ina valvu, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi: za hewa milimita 42, za moshi 33. Mdogo wake kwa kuzaliwa, L28, ana 44 na 35. Basi kijana akiona milimita mbili za nyongeza macho yanamtoka, ananunua. Hajauliza silinda ina upana gani! L28 ni 86, L24 ni 83 tu. Valvu ya 44 ikifunguka humo inapita shavuni kabisa mwa silinda, mpaka uchonge bloki kidogo kwa juu ipate pa kupita. Usipochonga, inagonga. Ukichonga, bado ukuta unaibana hewa, umelipia upana usiopitisha kitu. Kwa gari ya foleni na matuta, baki na 42, hela peleka kwenye siti za valvu, pale zinapokalia zikifunga: zikatwe pembe tatu, 30, 45 na 60, valvu ikalie hiyo 45. Ya hewa ikalie kwa upana wa milimita moja na nusu hivi, ya moshi iachie pana kidogo, maana joto lake inalitolea hapo hapo. Ukiikata nyembamba kama uzi kwa kuiga magari ya mashindano, itaungua, na usitafute mchawi.

Halafu muuzaji: "Hizi stenlesi orijino." Orijino ya wapi? Toa sumaku. Valvu ya moshi ya 21-4N, yaani kromiamu 21 na nikeli 4 kwa mia, sumaku haishiki kichwani. Ikinata, rudisha boksi. Ncha ya shina ikinata usigombe, mara nyingi wanaunga chuma kigumu hapo.

Wengine wanakutisha na petroli isiyo na risasi (ledi), eti inakula siti, kana kwamba imeingia jana. Huku risasi iliondoka kufikia 2006! Hofu hiyo ni ya hedi, yaani vichwa vya injini vinavyobeba valvu, za chuma zisizo na siti za kupachika. Hedi ya Z ni aluminiamu, siti zake zimepachikwa tangu kiwandani.

Linalokera kuliko yote ni valvu mpya kwenye gaidi, kile kibomba kinachoongoza shina la valvu, lililopanuka. Huko ni kumvalisha bwana harusi suti na ndala. Valvu inayumba, haitui pale pale mara mbili, oili inateremka, asubuhi ukiwasha majirani wanadhani umepuliza dawa ya mbu.

Kabla ya kufunga hedi, kaza plagi, weka springi, mimina petroli kwenye tundu la moshi. Ikitokeza upande wa chemba, petroli inakochomwa, rudi ukagraindi, yaani usugue valvu na siti yake mpaka zikutane sawasawa. Omba udongo wa kuchezea wa mtoto, bandika juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, ukate udongo upime unene uliobaki: usipungue milimita 2 kwenye hewa, 2.5 kwenye moshi. Mtoto atalia, lakini pistoni ni ghali kuliko pipi.

Umemaliza? Wapi! Ukishakata siti, shina limepanda, roka, ule mkono unaosukuma valvu, halikai tena katikati. Paka roka wino, zungusha kamshafti, ile shafti yenye vinundu vinavyosukuma roka, kwa mkono, angalia alama. Ikikimbilia ukingoni, badilisha pedi iliyo juu ya shina kwa yenye unene mwingine, la sivyo kamshafti italika. Moja moja, zote kumi na mbili. Ndipo uchukue fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi kati ya roka na kamshafti, injini ikiwa baridi: hewa milimita 0.20, moshi 0.25.

Na muuza karanga bado kasimama pale pale, anauliza mbona huweki tabo.