Simulizi za mafanikio ya wateja: mhasibu aandike nini?

Wahasibu walikaa miaka mingi wakikatazwa kujitangaza. Nchini Marekani, chama chao cha AICPA kiliondoa katazo hilo mwaka 1978. Siku hizi ofisi nyingi za uhasibu zinaandika jinsi zilivyowasaidia wateja wao. Wengine wanasema huko ni kuanika siri za watu. Wengine wanasema ofisi ndogo haina njia nyingine ya kujulikana. Naona simulizi hizo ziandikwe, ila si kwa namna tuliyoizoea.

Kazi ya mhasibu haionekani. Mwenye biashara hawezi kuupima ubora wake kabla ya kumkabidhi vitabu, na akija kugundua kosa, mara nyingi faini ya kodi imeshafika. Orodha ya huduma haimsaidii, kwa kuwa kila ofisi inaandaa ritani za kodi na mishahara. Lakini mweleze habari za mfanyabiashara aliyeuza vizuri huku akihangaika kulipa wafanyakazi, hadi mhasibu alipopanga wadaiwa kwa umri wa madeni na ikabainika kwamba fedha zimekwama kwa wanunuzi wawili ambao ankara zao zina zaidi ya siku 90. Mwenye shida kama hiyo anajitambua papo hapo.

Upande wa pili una hoja nzito. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, zinazotolewa na bodi ya viwango vya maadili iitwayo IESBA, zinautaja usiri miongoni mwa misingi mitano ya taaluma, na wajibu huo haukomi mteja anapohama. Kuficha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "msambazaji pekee wa vifaa vya maabara mjini", washindani wake wameshamjua. Ukiongeza kwamba hesabu zake zilikuwa hazijafungwa kwa miaka miwili, umeiambia benki yake pia, na ofisi ya kodi. Ndiyo maana ridhaa ya mdomo haifai: mteja asome maandishi yenyewe, neno kwa neno, kisha atie saini. Tena asiombwe wakati ritani yake ingali mezani kwako, kwani anayekutegemea ataona haya kukataa.

Kuna pia kutia chumvi, jambo ambalo kanuni hizohizo zinakataza. "Tuliongeza faida yake maradufu." Kweli? Huenda mshindani wake alifunga duka. "Tulimwokolea kodi nyingi" ni hatari zaidi, maana msomaji mwenye hali tofauti kabisa atakuja akidai kiasi kilekile. Ningependa kusoma kwamba hesabu za mwezi zilizokuwa zikikamilika baada ya wiki sita sasa zinakuwa tayari tarehe 10, na kwamba daftari la fedha linalinganishwa na taarifa ya benki kila wiki. Haisisimui, lakini mhasibu anaweza kuithibitisha, na ni kazi yake kweli.

Kwa wateja wa ukaguzi, yaani wale ambao mhasibu anakagua hesabu zao, nakubaliana na wapinzani moja kwa moja. Mkaguzi anatakiwa awe huru na aonekane huru. Akisifu hadharani ukuaji wa kampuni ambayo mwakani atatoa maoni juu ya hesabu zake, mkopeshaji anayesoma ripoti ya ukaguzi ana haki ya kuuliza kama anasikia sauti ya mkaguzi au ya mpiga debe. Simulizi za wateja hao zisiandikwe, hata wakiomba wenyewe.