Sala ya Saa Saba Usiku

Kuna sala ambayo waumini wengi waliofungwa na ponografia wanaijua. Huombwa saa saba usiku, simu ikiwa bado ina joto mkononi, na machozi yake ni ya kweli: "Bwana nisamehe, sitarudia tena." Historia ya kivinjari inafutwa, programu inaondolewa, mtu analala akiwa ameazimia. Baada ya siku nne, au tisa, programu inapakuliwa upya.

Sisemi sala hiyo ni ya kinafiki. Mungu anaisikia. Shida yake ni kwamba imeishia chumbani. Kesho yake kila mtu anamwona mwombaji vile vile alivyokuwa jana, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili, baba wa nyumba, na siri yake imelala salama. Uraibu huu chakula chake ni siri. Ukiulisha, utaishi.

Waraka wa kwanza wa Yohana, 1:9, unaahidi msamaha kwa anayeziungama dhambi zake. Yakobo 5:16 inaongeza jambo ambalo tumelikwepa: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Angalia kuponywa kumewekwa wapi: kati ya mtu na mtu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi wanapokwama miaka na miaka. Wanafunga, wanakesha, wanasoma Neno, wanafanya kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Basi umwambie nani? Mtu wa jinsia yako, aliyekomaa kiimani kukuzidi, na anayejua kutunza neno. Kipimo ni rahisi: je, huwa anakuletea siri za wengine? Akikuletea zao, zako nazo zitasafiri. Asiwe mtu ambaye naye anaanguka kila wiki, kwa sababu mikutano yenu itageuka kuwa ya kupeana pole. Na asiwe mke au mume wako. Mwenzi wako ana haki ya kujua ukweli, na ni vizuri mchungaji au mshauri akusaidie kuusema, tena wote kwa mara moja, maana ukweli unaotolewa vipande vipande humjeruhi upya kila kipande. Lakini kumfanya askari wa simu yako ni kumtwika mzigo usio wake.

Ukikaa na mtu huyo, usiseme "napambana na tamaa". Hiyo ni sentensi ya kujificha. Kila binadamu anaweza kuisema. Sema ilianza ukiwa na umri gani, ni mara ngapi kwa wiki, saa ngapi, kwa kifaa gani, na unaingilia mlango upi: tovuti, makundi ya Telegram, au kurasa zinazoanza na video za kawaida na kuishia kwingine. Huna haja ya kusimulia ulichokiona. Kisha pangeni nusu saa kila wiki, siku ileile, na maswali yasiyobadilika. Umetazama tangu tulipoonana? Ulikaribia lini, na ulikuwa katika hali gani kabla ya hapo? Kuna swali gani hutaki nikuulize leo? Hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa.

Halafu simu. Ayubu 31:1 inasema, "Nilifanya agano na macho yangu." Agano hufanywa mapema, kabla jaribu halijabisha hodi, na kwa mtu wa leo agano hilo lazima lifike mpaka kwenye mipangilio ya simu. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, kuna sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), yaani huduma ambayo simu huiuliza anwani ya kila tovuti; ukiandika hapo family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za ngono hazitafunguka. Kwenye iPhone, Screen Time, sehemu ya mipangilio inayodhibiti matumizi ya simu, inaweza kuzuia tovuti za watu wazima kwa nenosiri, na nenosiri hilo aliweke na kulishika yule rafiki yako, wewe usilijue. Ila usiuamini uzio huo kupita kiasi. Kichujio cha DNS hakioni kinachopita ndani ya programu za mitandao ya kijamii, VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako njia nyingine, inakiruka, na kwenye Android mwenye simu anaweza kukizima mwenyewe. Faida yake ni kukuchelewesha, na dakika tatu za kucheleweshwa zinatosha kupiga simu. Kinachozidi vyote hivyo ni kununua saa ya mezani ya kukuamsha na kuacha simu ilale sebuleni.

Kwa wiki mbili, andika kila mara hamu inapokuja: saa, mahali, na hali ya moyo. Utashangaa jinsi kumbukumbu hizo zinavyofanana. Wanaosaidia waraibu hutaja hali nne zinazorudi: njaa, hasira, upweke na uchovu. Soma 2 Samweli 11 kwa jicho hilo. Wengine wako vitani, Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya nyumba, peke yake. Bathsheba hajaonekana bado, na tayari mfalme yuko mahali pabaya. Ndiyo maana anayefunga chakula ili kuishinda tamaa awe mwangalifu na saa za usiku: njaa na uchovu kwa pamoja vinaweza kumwangusha ndani ya mfungo wenyewe.

Hamu ni wimbi. Hupanda, hufika kilele, hushuka yenyewe hata usipoitii. Asiyelijua hili hudhani itazidi kupanda mpaka aitimize. Kosa la kawaida ni kubaki umelala ukiomba kuhusu tamaa hiyohiyo, akili ikiizunguka picha. Yusufu hakufanya maombi marefu ndani ya nyumba ya Potifa. Aliacha vazi na kukimbia nje. Inuka, washa taa, toka chumbani, mpigie mtu wako, soma Zaburi 51 au 121 kwa sauti ukiwa umesimama. Omba, ndiyo, lakini omba ukitembea.

Na ukianguka? Saa moja ya baada ya kuanguka ina hatari kuliko kuanguka kwenyewe. Hapo ndipo sauti husema, "Umeshaharibu, maliza tu, utatubu Jumapili." Dakika kumi zinakuwa usiku mzima. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka tena. Kuinuka huko kuanze palepale. Mtumie rafiki yako ujumbe kabla ya siku kuisha, wenye ukweli mtupu: nimeanguka, saa fulani, kupitia mlango fulani. Kisha mlango huo ufungwe kesho yake. Wala usirudishe hesabu ya siku zako kwenye sifuri kana kwamba hakuna hatua uliyopiga. Aliyekuwa akitazama kila usiku, sasa ameteleza mara moja ndani ya wiki sita, hajarudi alikoanzia, na ni uongo kumwambia amerudi.

Nina neno kwa wachungaji pia. Msimsukume mtu kutoa ushuhuda mbele ya kanisa mwezi wa kwanza; akiteleza baadaye atalazimika kudanganya ili kuulinda. Na msikimbilie kukemea pepo kisha mkamwacha aende. Mathayo 12:43-45 inaonya juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa lakini ikabaki tupu. Mwombeeni, halafu mkae naye wiki baada ya wiki.

Daktari au mshauri wa saikolojia naye si adui wa imani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, ICD-11, inalitambua tatizo la mtu kushindwa kudhibiti tabia yake ya ngono kwa muda wa miezi 6 au zaidi hata maisha yake yakaharibika. Inaeleza pia kwamba kusumbuka kwa sababu ya dhamiri pekee hakutoshi kuitwa ugonjwa. Kwa hiyo kijana aliyetazama mara mbili akatubu kwa uchungu asijipachike jina la mraibu. Na yule ambaye kazi, ndoa na usingizi vimeshaanza kuporomoka, au anayewaza kujiua kwa aibu, asingoje ibada ijayo. Atafute msaada wa kitaalamu leo, na muumini mwenzake amsindikize.

Kama umefika hapa na mtu mmoja ameshakujia akilini, mwandikie sasa, kabla hujaifunga simu: "Kuna jambo ninalificha na ninahitaji msaada wako. Tunaweza kuonana kesho?" Akishajibu, hutaweza kusema halikuwa jambo. Kisha ipeleke simu sebuleni, uiache huko mpaka asubuhi.