Uenyeji wa Michezo Dodoma: Viti Kwanza au Vitanda?

Kila unapozuka mjadala wa kuitangaza Dodoma kuwa mji wa michezo, mazungumzo huishia kwenye uwanja, tena uwanja wa mpira wa miguu. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipoitembelea Tanzania na kuahidi kusaidia ujenzi wa uwanja mkubwa katika makao makuu, na ndivyo ilivyo sasa ambapo Serikali yenyewe imeubeba mpango wa kuijengea Dodoma uwanja wa kisasa. Sina ugomvi na uwanja. Ninachokiona ni kwamba mji huu umekuwa ukijinadi kwa kitu ambacho bado haujakipata, huku ukinyamazia vile ulivyo navyo tayari, na ukimya huo unaugharimu kila mwaka.

Wanaotaka Dodoma ijitangaze hawasemi maneno matupu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Huo si tena mji wa kupitia njiani kuelekea Singida na Kanda ya Ziwa. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari zake za Dodoma Julai 25, 2024, imefanya safari ya kutoka Dar es Salaam, ambayo kwa basi hula sehemu kubwa ya siku, iwe ya takriban saa nne. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 imebuniwa ili malori yasilazimike kukatiza mjini, na kiwanja cha ndege cha Msalato kinajengwa ili kuchukua ndege kubwa ambazo kile cha katikati ya mji hakiwezi kuzipokea. Hata hali ya hewa iko upande wake, kwa kuwa mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili, na kuanzia Mei hadi Novemba mratibu wa mashindano anaweza kupanga ratiba ya wiki tatu bila kuwaza kwamba mechi itaahirishwa kwa sababu ya maji kutuama uwanjani.

Kwa upande wa uwanja wenyewe, hoja yenye nguvu zaidi inatoka jirani kabisa. Singida Black Stars, timu ya kanda hii hii ya kati, ilipocheza Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2025/26, ilibidi mechi zake za nyumbani izicheze nje ya mkoa wake, zikiwemo za Dar es Salaam katika uwanja wa Azam Complex, kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, huruhusu mechi zake zichezwe tu katika viwanja ilivyovikagua na kuviidhinisha. Mashabiki wa Singida waliitazama timu yao kwenye televisheni, na fedha za hoteli, chakula na usafiri zikabaki Pwani. Vivyo hivyo, Tanzania ilipopewa uenyeji wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Uganda, Septemba 2023, uwanja mpya ulijengwa Arusha, na katika CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mechi zilizopangiwa Tanzania zilichezwa Dar es Salaam na Zanzibar. Ukanda mzima wa kati ulikuwa mtazamaji. Mtu akisema kwamba bila uwanja wenye hadhi Dodoma itaendelea kuachwa nje ya mashindano ya bara, anasema kweli, na anayepinga uwanja ana wajibu wa kumjibu.

Jibu lipo, na linatoka katika miji miwili inayofanana na Dodoma kuliko Arusha inavyofanana nayo. Abuja na Brasília ni miji mikuu iliyopangwa kwa makusudi katikati ya nchi ili kuondoa Serikali pwani, kama ilivyoamuliwa hapa mwaka 1973. Abuja ilijengewa uwanja wa watazamaji wapatao 60,000 kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 2003. Kwa miaka mingi baadaye eneo la kuchezea lilichakaa kiasi kwamba timu ya taifa ya Nigeria ilikuwa ikicheza mechi zake kwingineko, ikiwemo Uyo, mji mdogo kuliko Abuja wenye uwanja wa watu 30,000 tu. Brasília ilijenga upya uwanja wa Mané Garrincha kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2014, ukawa na viti zaidi ya 70,000 katika mji usio na timu hata moja katika ligi kuu ya Brazil. Baada ya mashindano, eneo lake la maegesho likatumika kuegesha mabasi ya abiria, na mechi kubwa zilizochezwa pale zilikuwa za klabu za Rio zilizokuja kukodi. Miji mikuu ya aina hii hujengewa viwanja kwa hadhi ya taifa, ilhali mashabiki wa kuvijaza kila wiki wanaishi katika miji ya zamani ya biashara.

Dodoma ina dalili hiyo hiyo. Dodoma Jiji, timu ya Halmashauri, imo Ligi Kuu tangu msimu wa 2020/21, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini sote tunajua siku ambazo Uwanja wa Jamhuri hujaa: ni siku ya Simba au Yanga. Siku hiyo wauza jezi hutandaza bidhaa zao kuanzia asubuhi, bodaboda kutoka Nkuhungu, Kisasa na Area C hupiga safari bila kupumzika, mishkaki huchomwa hadi makaa yanaisha, na saa mbili usiku shughuli imekwisha. Ni fedha nzuri kwa siku moja. Na treni, ambayo ni baraka, inaifupisha zaidi siku hiyo, kwa kuwa shabiki wa Dar es Salaam sasa anaweza kuja asubuhi na kurudi kwao usiku huo huo bila kulipia chumba. Hatimaye mji unaotegemea mechi moja moja utakuta umewauzia wageni soda na chipsi, basi.

Kuna pia suala la maji, ambalo nashangaa linavyorukwa katika mijadala hii. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, na kwa miongo mingi imetegemea zaidi visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Eneo la kuchezea lenye vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Ukilimwagilia milimita tano tu kwa siku wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na upepo wa Dodoma ukivuma kama unavyovuma, umetumia lita 35,700, yaani maboza matatu na nusu ya lita elfu kumi, kila siku, kwa uwanja mmoja bila viwanja vyake vya mazoezi. Katika mitaa ambayo maji hutoka kwa mgawo, mama anayeamka saa tisa usiku kukinga ndoo hatahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hiyo. Zipo njia za kuipunguza: kapeti badala ya nyasi za asili, au kusafisha majitaka na kuyatumia kumwagilia. Njia zote mbili zina gharama, na zinapaswa kuamuliwa mchoro ukiwa mezani, kwani baada ya utepe kukatwa marekebisho huwa ghali mara mbili.

Sasa tuangalie kile ambacho Dodoma inacho. Mji huu una vitanda. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kwa lengo la kuhudumia wanafunzi 40,000, kina mabweni ambayo kwa sehemu ya mwaka hubaki matupu. Kuna Chuo cha Mipango, kuna Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na kuna shule za bweni za mkoa mzima. Katika nchi hii mashindano yanayoleta watu wengi kwa muda mrefu ni yale yasiyotangazwa sana: UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, ambayo hukusanya wanafunzi wa mikoa yote pamoja na walimu, makocha, waamuzi na madaktari wao. Mtwara ilikuwa mwenyeji mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022, na hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliohitaji uwanja wa viti elfu thelathini. Ilihitaji mabweni, majiko makubwa, viwanja vingi vya kawaida vilivyo karibu karibu, na mkuu wa mkoa aliyelivalia njuga. Timu ya netiboli ya wasichana kutoka Kagera inayokaa wiki mbili hula unga, maharage na mboga za soko la Majengo kila siku, na fedha hiyo humfikia mkulima wa Kongwa kwa njia fupi kuliko fedha ya tiketi ya jukwaa kuu.

Hata hivyo, si kila mashindano ya namna hiyo yanafaa kukimbiliwa. Wengine hudai kwamba michezo ya SHIMIWI, ya wizara na idara za Serikali, ingefaa ifanyike Dodoma kila mwaka kwa sababu wizara ziko hapa, badala ya kuzunguka Tanga, Iringa na Morogoro kama ilivyokuwa. Nadhani hapo wanakosea hesabu. Mtumishi anayeishi Ilazo akicheza kuvuta kamba hapa Dodoma atarudi kulala nyumbani kwake. Mwenye gesti hatapata kitu, na miji mingine itakuwa imenyimwa wageni wake bure. Uenyeji una maana pale mgeni anapotoka mbali na kulala.

Eneo lenye utajiri zaidi, na ambalo limepuuzwa kuliko yote, ni riadha. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na akamaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alishika nafasi ya pili Boston mwaka 2025, na Septemba mwaka huo huo, jijini Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, hadi mashine zilipoonesha tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Kanda iliyozaa watu hawa wawili haina haja ya kubuni sababu ya kuitisha mbio. Dodoma Marathon inayodhaminiwa na benki ya NBC tayari ipo, na tangu kuanza kwake imechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Lakini haijafikia ile hadhi ya mbio za Kilimanjaro pale Moshi, mji mdogo kuliko Dodoma, ambazo kila mwaka tangu 2003 zimekuwa zikileta wakimbiaji wa kigeni wanaokaa siku kadhaa.

Wenye shaka watasema Moshi ina mlima na Dodoma haina, na ni kweli. Watasema pia kwamba mwinuko wa Dodoma, takriban mita 1,100, hautoshi kuvutia kambi za wakimbiaji wanaozoea Iten ya Kenya yenye mita 2,400. Hilo nalo ni kweli, na tusiliuze tusilo nalo. Lakini mbio za barabarani zinahitaji lami nzuri, asubuhi zenye ubaridi na polisi wa kufunga njia, na asubuhi za Julai hapa ni za baridi inayomfaa mkimbiaji. Kuna pia waendesha baiskeli: Kigali ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika, haikujenga uwanja, ilifunga barabara zake. Shule zilifungwa pia kwa siku hizo, gharama ambayo wakazi wa Dodoma wana haki ya kuulizwa mapema kama wako tayari kuilipa.

Kikwazo kikubwa kwangu ni kalenda. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huwa limeketi, vyumba vya mjini hupanda bei na vingine havipatikani kabisa. Kuleta mashindano ya watu wazima miezi hiyo ni kuwagombanisha wageni na wabunge, na kumpandishia bei mgonjwa aliyetoka Mpwapwa kuja kutibiwa. Kinyume chake, Julai na Agosti ni miezi ambayo Bunge la bajeti limekwisha, vyuo vinaelekea likizo, hakuna mvua, na wenye nyumba za wageni hulalamika. Kama Jiji lingekuwa na ofisi moja yenye kalenda moja, inayojua ni bweni gani liko wazi wiki gani, ni kiwanja kipi kina vyoo na maji, na ni nani wa kupigiwa simu, chama chochote cha michezo kingeweza kupata jibu kwa siku mbili badala ya kuzungushwa kutoka chuo hadi chuo.

Na uwanja mpya? Ujengwe, kwa masharti mawili ambayo Jiji linaweza kuyaomba tangu sasa. Kwanza, bajeti ya kuutunza kwa mwaka, maji yakiwemo, iwekwe wazi pamoja na jina la taasisi itakayoilipa, kwa kuwa Jamhuri ni mali ya CCM, Dodoma Jiji ni ya Halmashauri, na uwanja mpya utakuwa wa Serikali, na mahali penye wenyewe watatu nyasi hukauka kila mmoja akimsubiri mwenzake. Pili, viwanja vya mazoezi vijengwe kwanza na vifunguliwe kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyotumiwa na shule na riadha wiki zote ambazo Simba na Yanga hawapo.