Kabla hujanunua pampu ya tatu, weka filta

Kwa muda usiofika miaka miwili nilinunua pampu mbili za usukani, zile zinazosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, kwa lori moja, na zote zilikufa kifo kile kile. Kwanza unasikia mkoromo dereva anapokata kona na mzigo mgongoni. Baada ya wiki chache mkoromo unageuka kuwa kilio. Halafu asubuhi moja dereva anakupigia simu akihema kama mtu aliyetoka shambani: "Mzee, usukani umekataa, naukata na mikono miwili na bado hauji."

Lori lenyewe ni la dizeli, la tani tano, na kazi yake ni kubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, upande wa Juja, mpaka ploti za Kahawa, Kasarani na Ruai. Aliyewahi kupeleka mawe kwenye ploti ya Nairobi anaijua taabu yake. Lami inaisha, unaingia kichochoro cha upana wa lori moja, geti liko kwenye kona na mwenye nyumba ya pili ameegesha gari lake nje. Dereva anakata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, lori likiwa limesimama na tani zake zote, mara kumi na tano kabla ya kuingia. Hakuna mahali pampu inafinywa kama hapo.

Pampu ya kwanza nilibadilishiwa kwenye gereji moja ya Industrial Area. Fundi alifungua ile iliyokufa, akafunga nyingine iliyotumika kutoka Japani, akajaza oili mpya nyekundu, nikalipa, nikaondoka. Haikumaliza miezi saba. Ya pili ikafungwa vile vile, nayo ikaanza kukoroma.

Nilipoona hivyo nikapeleka lori kwa mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries ambaye madereva wa mawe wamekuwa wakinitajia. Hakukimbilia spana. Aliniuliza: "Ile ya kwanza ilipokufa, unga wake ulienda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akachomoa hozi inayorudisha oili kwenye tangi, akaimimina kidogo kwenye kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi, akakiinamisha kuelekea jua. Oili tuliyoweka ikiwa nyekundu ilikuwa kahawia, na ndani yake kulikuwa na kimetameta kama rangi ya gari la harusi. Akachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika kuukuu, akaipitisha polepole ndani ya kile kifuniko. Ilitoka na ndevu. Unga mweusi, laini, umesimama wima. Chini ya kifuniko kukabaki chembe nyingine ambazo sumaku haikuzitaka: alumini, na vipande vidogo vya mpira kutoka ndani ya hozi. Niliusugua ule unga kati ya vidole viwili, nikausikia unakwaruza kama msasa.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na nitausema popote malori yanapoongelewa: fundi anayefunga pampu mpya ya usukani bila kusafisha mfumo mzima na bila kuweka filta kwenye hozi ya kurudisha, amefanya nusu ya kazi na kukutoza kazi nzima.

Sababu iko ndani ya pampu yenyewe. Pampu nyingi za usukani ni za vibapa. Katikati kuna rota, yaani kipande kinachozunguka, yenye mifereji, na kwenye kila mfereji kuna kibapa cha chuma kinachotoka na kuingia huku kikiteleza kwenye ukuta wa pete. Kinachotenganisha chuma na chuma hapo ni utando wa oili tu, na uwazi wenyewe ni mdogo kuliko unene wa unywele. Pampu inasukuma oili kwa presha kubwa, inayoweza kupita baa 100, kupitia hozi nene mpaka kwenye boksi ya stiaringi, ile inayogeuza magurudumu. Oili ikishafanya kazi inarudi kwa presha ndogo kupitia hozi nyembamba mpaka kwenye tangi, na kutoka tangini inaingia tena kwenye pampu. Ni mduara. Hakuna mlango wa taka kutokea. Chembe iliyokwanguliwa leo itapita tena kwenye vibapa dakika hiyo hiyo, na kila ikipita inakwangua nyingine. Unga huo huo unaweza pia kukwamisha vali ndogo ya kupima mtiririko ndani ya pampu, na hapo usukani unakuwa mzito ghafla.

Kwa hiyo pampu yangu ya pili haikuwa mbovu. Iliuawa na mabaki ya ile ya kwanza, yaliyokuwa yamejificha kwenye boksi, kwenye hozi na chini ya tangi.

Najua nitakachoambiwa, maana nimeshaambiwa: mbona lori lilitoka kiwandani bila filta kwenye hozi? Kwanza, malori makubwa mengi yana filta ndani ya tangi la oili ya usukani, ila wengi wetu hatujawahi hata kulifungua kuibadilisha. Malori mengine yana wavu tu, na wavu unazuia jani, hauzuii unga. Pili, lori lililotoka kiwandani lilikuwa na hozi mpya, boksi mpya na oili safi. Langu limekula vumbi la machimbo miaka na miaka, limefungwa pampu za mitumba, limejazwa oili na tanboi, msaidizi wa dereva, kando ya Thika Road kwa faneli iliyokuwa imelala sakafuni. Hayo si maisha ambayo kiwanda kilikuwa nayo akilini.

Huko Marekani wenye pikapu kubwa za dizeli wamekuwa wakiziongeza filta hizi wenyewe, na wana sababu ya ziada. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa unaosaidia breki, kama ya petroli, kwa hiyo pikapu nyingi za huko zinatumia oili ya pampu ya usukani kusaidia breki pia. Oili ikichafuka, mguu unaumia pamoja na mikono. Malori yetu madogo mengi yanapata nguvu ya breki kwingine, kwenye pampu ndogo ya vakyumu au kwenye upepo. Lakini dereva anayeteremka na mawe na usukani umekataa, hafarijiki sana kwa kuwa breki ni nzima.

Sasa, filta ifungwe wapi. Kwenye hozi ya kurudisha, kati ya boksi na tangi, basi. Usithubutu kuiweka upande wa presha, itapasuka. Usiiweke kati ya tangi na pampu, maana pampu itakosa oili na kuvuta hewa. Angalia mshale uliochorwa kwenye filta: uelekee tangini. Pima kipenyo cha hozi kabla ya kwenda dukani, funga kwa klipu nzuri za skrubu, na uiweke mbali na ekzosi na mahali ambapo mkanda wa feni hauwezi kuigusa.

Na hili naliomba kwa dhati: msifunge filta ya petroli. Nimeiona kwenye Canter mbili, ile ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga, imefungwa kwenye hozi ya usukani. Ile imetengenezwa kupitisha mafuta kidogo kidogo, wakati pampu ya usukani inazungusha lita kadhaa kwa dakika, tena za oili ya moto sana. Karatasi yake itaziba, plastiki italainika, na siku itakapopasuka oili itamwagikia ekzosi iliyo moto. Hapo unaongea habari ya moto chini ya miguu ya dereva. Tafuta filta ya usukani yenyewe, ya chuma, yenye sumaku ndani, na yenye vali inayofunguka filta ikiziba ili oili iendelee kupita.

Kabla ya kuifunga tulisafisha. Mzee aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyawekea magogo, akaelekeza hozi ya kurudisha kwenye jerikeni, nami nikawa namimina oili safi tangini huku dereva akizungusha usukani polepole, injini imezimwa, mpaka kilichotoka kikafanana na kilichoingia. Tangi lilifunguliwa likaoshwa. Baada ya kufunga kila kitu usukani ulizungushwa tena kama mara ishirini kabla ya kuwasha injini, ili hewa itoke. Oili ilipotulia bila povu ndipo akawasha, na akamwonya dereva asiung'ang'anie usukani pale mwisho.

Filta haifufui pampu. Kama yako tayari inalia, itaendelea kulia, na kama sili za boksi zinavuja, zitavuja tu. Niliwahi kumshauri jirani aweke, akaweka kwenye pampu iliyokwisha, kisha akaja kunilaumu, na alikuwa na haki kwa sababu sikumweleza vizuri.

Filta ya kwanza niliitoa baada ya wiki tatu za kazi. Tuliikata kwa msumeno pale pale kwenye meza ya mzee: sumaku ilikuwa imevaa koti jeusi na wavu umejaa matope ya chuma. Ya pili nimeikata mwezi uliopita, baada ya miezi sita. Nilipitisha kidole kwenye sumaku yake, kikatoka na alama hafifu ya kijivu. Dereva alikuwa amesimama karibu, akakishika kidole changu, akakiangalia, kisha akaenda kuwasha lori kwa sababu mawe ya Ruai yalikuwa yanangojwa.