Kufuli kwenye kitabu pepe linamzuia nani?

Mwandishi wa Mbeya anayetaka kuuza nakala tepe ana hofu yenye msingi. Kutoa kopi steshenari hulipiwa kila ukurasa. Lakini faili likishaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, linasambaa bure na mauzo ya chuo kizima yamekwisha. Ndiyo maana anaomba kufuli.

Kufuli lenyewe likoje? Faili la EPUB, muundo wa kawaida wa kitabu pepe, ni furushi la zip lenye matini na picha. Kufuli husimba sura zake, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, na ufunguo huo hufungamanishwa na akaunti ya mnunuzi. Ukitaka kukagua, nakili faili, badili .epub iwe .zip, lifungue, kisha tazama folda ya META-INF. Ukikuta rights.xml, kuna uwezekano mkubwa ni kufuli la kampuni ya Adobe. Kuona encryption.xml peke yake hakutoshi, maana hutumika pia kuficha fonti tu.

Udhaifu wake hauna dawa: lazima maneno yaonekane kwenye kioo. Yakionekana hupigwa picha, na nakala moja iliyofunguliwa inatosha kundi zima. Anayeumia ni aliyelipa. Simu yake ikifia Tukuyu, na akaunti alifunguliwa na fundi kwa barua pepe asiyoikumbuka, vitabu vimekwenda. Hata duka kubwa si kinga: Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell kwenye vifaa vya wanunuzi mwaka 2009, na Microsoft ilipofunga duka lake mwaka 2019 vitabu vilikoma kufunguka. Fedha zilirudishwa, na Amazon baadaye ilijitolea kurudisha vitabu, lakini vya Microsoft havikurudi.

Kuna mahali kufuli halikwepeki: maktaba inayoazimisha kwa siku 14. Bila kufuli, huko si kuazima tena, ni kugawa.

Kwa kuuza, naona alama ya mnunuzi ni bora. Tor, kampuni ya kuchapisha riwaya, iliondoa kufuli mwaka 2012, na baada ya mwaka ikasema haikuona ongezeko la maana la wizi. Andika jina la mnunuzi na namba ya oda kwenye ukurasa wa mwanzo na mwisho wa kila sura. Darasani watu wanajuana, na aibu huzuia mengi. Mwizi mzoefu atazifuta alama hizo, ndiyo, lakini huyo hata kufuli angelivunja. Namba ya simu isiwekwe kamwe: faili likivuja, matapeli wataanza na mnunuzi wako.