Tisa hupona wenyewe, na wa kumi je?

"Mwili una kinga yake, tuuache." Kauli hiyo utaikuta Kibirizi kwa akina mama wanaoanika dagaa, utaikuta Ujiji na Kasulu, huku mkoani Kigoma, kila wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapochanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Wataalamu huibeza. Nadhani wanakosea, maana kwa sehemu kubwa ni kweli: takribani maambukizi tisa kati ya kumi huondolewa na mwili ndani ya miaka miwili, mwenyewe hata hajui.

Ila hiyo tisa kati ya kumi inanikosesha raha. Ni wastani tu. Nani atamtazama binti wa darasa la tano ajue yumo kwenye wale tisa?

HPV hakisambai kwenye damu. Huingia seli za chini za utando, kisha huzaliana kwenye seli za juu juu ambazo zingebanduka tu, hakileti homa wala uvimbe unaouma, kwa hiyo kinga hupata habari kwa kuchelewa. Hata anayepona huweza kubaki na kingamwili, yaani protini za kinga zinazokinasa kirusi, chache mno, akaambukizwa tena. Aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hii, zikikawia huzima protini zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Kwa kawaida hadi saratani itokee hupita miaka 15 hadi 20. Mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuipata ndani ya miaka 5 hadi 10, na kwa jumla hatari ya wenye VVU ni kama mara sita ya wengine. Yaani kinga ndiyo ngao, kama mama wa Kibirizi asemavyo. Ikidhoofika, kirusi hakina wa kukizuia.

Sasa chanjo inafanya nini? Inaingiza mwilini ganda la kirusi, ndani tupu, kupitia msuli wa bega, mahali ambapo kinga haiwezi kukosa kuliona. Kingamwili zinazotoka hapo ni nyingi kuliko za maambukizi yenyewe. Kwa hiyo anayeiamini kinga ya mwili ana kila sababu ya kuitaka chanjo. Uvumi kwamba inafunga uzazi hauna ushahidi. Kinachoweza kumnyima mtu uzazi ni saratani, na wakati mwingine tiba yake, kwa mionzi au kwa kuondolewa kizazi.

Wapo wanaosema fedha ziende kwanza kwenye uchunguzi wa mlango wa kizazi, na wana hoja. Chanjo haitibu aliyekwisha kuambukizwa, na kupima kwa siki, inayopakwa mlango wa kizazi ili sehemu yenye dosari igeuke nyeupe, huchukua dakika chache. Wenye VVU hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 25, wengine 30. Lakini uchunguzi humtaka mama arudi kila baada ya miaka kadhaa, aache biashara, apange foleni. Akikutwa saratani imeshasogea, mionzi iko Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, nauli ya watu wawili, maana mgonjwa wa namna hiyo haendi peke yake.