Boflo Tatu Kwenye Mizani

Kabla hujanicheka, ujue kwamba wazo halikuwa langu. Wazo ni la Wamarekani.

Kule Maryland kuna taasisi yao ya vipimo, NIST. Mwaka 2015 wataalamu wake walichapisha maelezo ya mizani waliyoiunda kwa matofali ya LEGO, haya haya wanayochezea watoto. Si mizani ya kupimia nyanya. Uzito unauweka upande mmoja, koili ya waya iliyo ndani ya uga wa sumaku inapambana nao kwa umeme, na ukiupima umeme huo vizuri unaipata namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika popote, ukikosea kwa asilimia moja hivi. Mizani kubwa za ukoo huo, zinazoitwa kwa jina la Mwingereza Bryan Kibble, ndizo zilizosaidia kukistaafisha kile kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, ambacho tangu 1889 ndicho kilikuwa kilo yenyewe. Kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kilo ni hesabu inayotokana na namba hiyo ya Planck, si chuma.

Mwalimu wa fizikia akisoma habari kama hiyo usiku halali.

Matofali yalikuwepo. Nimepanga chumba Ngamiani, Tanga, na mwenye nyumba, Bi Mkubwa, ana mwanawe anayefanya kazi Muscat. Aliporudi likizo alimletea mjukuu ndoo nzima. Nikamwendea mjukuu, mtu wa miaka mitano, kwa heshima zote na pipi mbili.

"Chukua," akaniambia, "ila boflo zangu usichukue."

Nikacheka. Tofali la vinundu nane, likiwa la rangi ya kahawia, kweli linafanana na mkate wa boflo. Watoto wana macho yao. Nikabeba ndoo.

Koili niliifumua kwenye feni iliyoungua. Habari za Planck ziliishia hapo, maana nilipounganisha umeme koili iliungua mara ya pili, safari hii bila feni. Lakini mkono wa mizani ulitoka vizuri mno. Ekseli ya kigari ndiyo mhimili, vifuniko viwili vya kopo la maziwa ndiyo sahani, na tone la nta ya mshumaa la kusawazishia. Ukiweka njiti ya kiberiti sahani moja, inashuka taratibu kama mzee anayekaa kwenye kiti.

Mawe ya mizani je? Nikaona matofali yenyewe yanatosha. Kiwandani yanatolewa kwenye kalibu sahihi ajabu, ndiyo maana tofali la leo linakamata la miaka ya sitini bila kulegea. Nikachukua moja hadi maabara ya shule, nikaliweka kwenye mizani ya umeme: gramu 2.3. Nikaandika daftarini na kupiga mstari chini.

Moja. Mimi, ninayewakata wanafunzi maksi kwa kupima mara moja.

Jioni Bi Mkubwa akanikuta uani nikipima pilipili manga. Akatazama kimya, akaingia ndani, akatoka na mkufu wake umefungwa kwenye leso pamoja na risiti ya sonara. Gramu 23.

"Mwalimu, hebu nipimie na huu. Nimeuvaa mwaka mzima, shingo yangu haisikii gramu ishirini na tatu."

Nikauweka. Upande wa pili nikapanga matofali. La sita, la saba, na kwenye la nane mkono ukatulia sawasawa. Nikarudia hesabu kichwani: nane mara 2.3, gramu 18.4. Pamekosekana gramu nne na nusu na ushei.

Hapa ndipo mtu mwenye busara angesema "labda chombo changu kina hitilafu." Mimi nilisema, "Bi Mkubwa, fizikia haisemi uongo."

Sikumaliza sentensi, tayari kavaa buibui.

Tulikwenda kwa bajaji, mizani nimeipakata kama kichanga, matofali kwenye mfuko wa nailoni. Njia nzima Bi Mkubwa anahesabu gramu nne na nusu ni shilingi ngapi, na dereva naye anamsaidia kuzidisha.

Sonara ni mzee wa miwani minene, mpole. Alimsikiliza Bi Mkubwa mpaka akaishiwa pumzi, kisha akauweka mkufu kwenye mizani yake ya kioo. 23.0.

"Hiyo umeichezea!" Bi Mkubwa akasema. "Mwalimu, toa yako."

Nikaitoa. Wateja wawili waliokuwa wanachagua herini wakasogea. Sonara akainama, akaisukuma sahani kwa ncha ya kidole, na nadhani alipendezwa, maana aliuliza ekseli nimeipata wapi. Halafu akasema kitu ambacho hakikunijia kichwani siku zote tatu za ujenzi.

"Weka tofali huku na tofali huku."

Nikaweka. Zikasawazika. Nikamtazama Bi Mkubwa kwa ushindi.

"Badilisha."

Nikabadilisha moja. Sahani ya kushoto ikashuka, *ta!*, ikagonga kaunta.

Sonara akalichukua lile zito, akalipindua. Sasa, tofali la namna hii chini liko wazi, na ndani mna vibomba vitatu. Vibomba hivyo ndivyo ambavyo kampuni ya LEGO ya Denmark iliviombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958, kwa sababu ndivyo vinavyobana vinundu vya tofali la chini. Katika tofali langu havikuonekana. Kulikuwa na kitu cheupe kimejaa hadi ukingoni, kikavu, kimesawazishwa kwa ustadi, na katikati alama ya kidole kidogo.

Akachokonoa kwa koleo lake la dhahabu. Kikatoka kipande. Akakinusa.

"Unga wa ngano," akasema. "Wenye chumvi."

Sisimizi mmoja akatoka kwenye kibomba, akatembea juu ya kioo, chini yake bangili za mamilioni.

Tukapindua yote manane. Matatu yalikuwa na unga, kila moja gramu moja na nusu ya ziada. Hesabu sasa ilikubali, ikipungua desimali moja tu, na hakuna aliyetaka kuisikia. Mmoja wa wale wa herini alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Bi Mkubwa alimtaka sonara radhi kwa maneno mengi mazuri. Mimi hakunisemesha. Nauli nililipa ya kwenda na kurudi, na dereva, aliyekuwa ametusubiri, akauliza, "Kwa hiyo shilingi ngapi?"

Mlangoni mjukuu alikuwa ameshika ndoo yake.

"Mwalimu, boflo zangu zimeiva?"

"Zimebaki kwa sonara," nikasema.

Akafikiri. "Amenunua?"

"Amenunua," Bi Mkubwa akadakia, akivua viatu. "Kwa bei ya dhahabu, mjukuu wangu. Mwalimu atakulipa mwisho wa mwezi, pamoja na kodi."